Kichomi cha Kukimbia si Kichomi cha Nimonia

Mwezi huu tunapenda kuzungumzia kichomi. Neno hili hutupa shida sisi wauguzi, kwa sababu watu hulitumia kwa mambo mawili yasiyo na undugu. Kipo kichomi kinachomshika mtu ubavuni anapokimbia, na kipo kichomi cha nimonia. Cha kwanza huumiza lakini hakiui. Cha pili huua, hasa watoto wadogo na wazee.

Asubuhi na mapema tunapotoka zamu ya usiku tunakutana na watu wanaokimbia barabarani, na si vijana peke yao. Tangu Alphonce Simbu atwae ubingwa wa dunia wa marathoni kule Tokyo, Septemba 2025, wapo akina baba na akina mama wa parokiani waliotuambia kwamba nao wameanza. Tunawapongeza, maana mtu mwenye shinikizo la damu au kisukari hufaidika sana na mazoezi. Ila wengi huacha baada ya wiki moja wakisema, "Nina kichomi, kukimbia hakunifai."

Kichomi hiki ni maumivu makali kama ya kuchomwa kisu chini ya mbavu, mara nyingi upande wa kulia. Wengine husikia maumivu hata kwenye ncha ya bega. Wazee wetu husema ni bandama. Wataalamu wenyewe hawajakubaliana juu ya chanzo chake. Zamani wengi walidhani kwamba msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, ule tunaovutia pumzi, unakosa damu ya kutosha. Siku hizi wengi huona kuwa ni ule utando laini ulio ndani ya ukuta wa tumbo, unaosuguliwa na kukereka tumbo likijaa na kutikisika. Utafiti uliofanywa Australia na kutolewa mwaka 2000 ulionyesha kwamba karibu wakimbiaji 7 kati ya 10 walikuwa wamekipata katika muda wa mwaka mmoja. Waogeleaji nao hukipata, na wapanda farasi pia. Kwa hiyo wewe uliyeanza juzi usijione mgonjwa.

Jambo la kwanza la kuangalia ni chakula. Mtu aliyekula sahani ya loshoro au ndizi za nyama, kisha baada ya nusu saa akavaa raba, amejitafutia kichomi mwenyewe. Baada ya mlo mkubwa subiri saa mbili au tatu. Soda na juisi zenye sukari nyingi ni wakorofi hasa, ziwe zimenywewa kabla ya kukimbia au njiani. Ukiwa na kiu, kunywa maji kidogo kidogo, usigide chupa nzima mara moja.

La pili ni mlima. Mji wetu uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, miguuni pa Meru, na barabara nyingi zinazoelekea mlimani ni za kupanda. Anayeanza huchagua njia ya Ilboru au Sekei kwa sababu ni karibu na nyumbani, akapanda akihema juu juu, kisha akateremka mbio huku tumbo lote linatikisika. Afadhali aanzie kwenye tambarare, kama upande wa Kisongo, au azunguke uwanja wa mpira. Akimbie dakika moja, atembee mbili, na kila wiki aongeze kidogo. Kipimo chetu ni rahisi: ukishindwa kuzungumza na mwenzako mnapokimbia, umezidisha mwendo.

Kikikushika, usishindane nacho. Punguza mwendo au tembea. Vuta pumzi ndefu mpaka tumbo lijae, kisha itoe polepole kwa midomo iliyobanwa, kama anayepuliza moto wa mkaa. Bonyeza kwa vidole mahali panapouma na kuinama mbele kidogo. Wengine hupata nafuu kwa kuinua mkono wa upande unaouma na kujinyoosha. Kufunga mkanda mpana au kanga kiunoni pia husaidia. Kwa kawaida huisha katika dakika chache baada ya kusimama, na hakihitaji dawa.

Hapa ndipo tunapoomba mtusikilize vizuri, hasa wazazi. Tumewahi kumpokea kijana wa sekondari aliyelala nyumbani siku nne kwa sababu kichomi kilimwanza siku ya mbio za shule, na wote nyumbani wakaamini ni uchovu wa mbio. Alikuwa na homa, anakohoa, na kila akivuta pumzi anashika ubavu. Ilikuwa nimonia. Alikwisha kununuliwa dukani kapsuli sita za rangi mbili, akachanjwa na chale ubavuni. Alipona, lakini baada ya siku nyingi wodini. Kapsuli chache za kubahatisha hazitibu nimonia, na chale huongeza kidonda juu ya ugonjwa.

Kichomi kinachomjia mtu akiwa amekaa au amelala, chenye homa, kikohozi au pumzi za haraka, ni cha hospitali. Kikiambatana na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, kukonda na jasho la usiku, tupime kifua kikuu. Maumivu ya tumbo chini upande wa kulia yanayozidi badala ya kupungua yanaweza kuwa ya kidole tumbo. Na mtu mzima anayebanwa katikati ya kifua, maumivu yakielekea mkono wa kushoto au taya huku jasho jembamba likimtoka, asiseme ni kichomi hata kidogo. Hayo yanaweza kuwa ya moyo, naye aletwe saa hiyo hiyo.

Walimu wa michezo nao tunawaomba: mtoto anayesema ameshikwa na kichomi mwacheni atembee, msimchape kwa uvivu. Akipumzika kivulini nusu saa na bado kinamchoma, mpimeni joto na mwangalie anavyohema. Akiwa na homa msimpeleke bwenini kulala. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, na mzazi aarifiwe.