Moyo Unaoruka Mapigo: Tiba ya Kuchoma Chanzo Hutolewa Nchini

Mkazi wa Mlandege, Manispaa ya Iringa, ambaye moyo wake huruka mapigo au kwenda mbio ghafla, mara nyingi hufika hospitali ukiwa umekwishatulia. Kipimo cha ECG huchukua sekunde chache tu. Kikifanyika wakati huo huonesha hali ya kawaida, na mgonjwa huambiwa apunguze mawazo.

Chanzo kimojawapo cha tatizo hilo kipo kwenye njia ya kutolea damu, yaani sehemu ya vyumba vya chini vya moyo iliyo jirani na vali, ambapo damu husukumwa kwenda mapafuni au mwilini. Chembe hai chache za hapo huzalisha umeme bila kusubiri amri ya kituo kikuu cha moyo. Wengi wa wagonjwa hawa hawana kasoro nyingine ya moyo, na kwao hatari ni ndogo. Hata hivyo, moyo hupiga takriban mara 100,000 kwa siku. Mapigo ya ziada yakifikia maelfu mengi, misuli yake inaweza kudhoofika.

Dawa zisiposaidia, chanzo huweza kuchomwa. Daktari hupitisha mrija mwembamba uitwao katheta kwenye mshipa wa paja hadi ndani ya moyo, hutafuta mahali pigo la ziada linapoanzia, kisha huchoma hapo kwa joto la mawimbi ya redio. Kovu la milimita chache linalobaki halipitishi umeme. Kifua hakipasuliwi. Upande wa kulia, matibabu hufanikiwa kwa zaidi ya wagonjwa 8 kati ya 10. Upande wa kushoto ni mgumu zaidi, kwa kuwa mishipa inayolisha moyo ipo karibu. Madhara ni machache, lakini yapo: kuvuja damu pajani na, kwa nadra, kutoboka kwa ukuta wa moyo.

Matibabu ya mfumo wa umeme wa moyo hutolewa na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI), Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015. Mwananchi wa Iringa huanzia kituo cha afya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ambako huweza kupewa rufaa. Aende kupimwa wakati moyo ungali unaruka, na karatasi ya ECG aitunze. Aliyewahi kuzimia, au aliyefiwa ghafla na ndugu kijana, asisubiri dalili zirudi.