Vuli Pemba: Mshipi wa hori unalipa kuliko unavyodhaniwa

Kila mwaka kuanzia Oktoba, upepo wa kusi ukishalegea na kaskazi haijashika vyema, bahari ya Pemba hupata wiki kadhaa za utulivu ambazo wavuvi huziita maleleji. Ndiyo miezi ya vuli. Juu vilimani, kama mwaka ni wa neema, watu wako mikarafuuni. Chini, katika mahori yanayoingia kisiwani kutoka upande wa magharibi, maji ya asubuhi huwa kama kioo, na kolekole huonekana wakiwafukuza dagaa mpaka kwenye mizizi ya mikoko. Hata hivyo, ukifika diko lolote utaambiwa kwamba mvuvi wa kweli ni yule anayetoka kwa mashine kwenda mkondo mkuu. Anayevua horini kwa mshipi huhesabiwa kuwa mzee, mtoto, au mtu aliyekosa mtaji.

Mimi ni mtu wa hesabu za kilimo na mifugo, na samaki nao wana hesabu zao. Tuzipige.

Tuseme chombo cha mashine kimetoka na wavuvi wanne na kurudi na kilo 40, zikauzwa mnadani kwa shilingi 7,000 kila kilo. Hizo ni shilingi 280,000. Toa mafuta lita 30 kwa shilingi 3,000, yaani 90,000, kisha barafu ya shilingi 10,000. Zinabaki 180,000. Ikiwa mapatano ni nusu kwa chombo na mashine, wavuvi wanagawana 90,000, kila mmoja anapata 22,500. Sasa mchukue mvuvi mmoja mwenye mtumbwi na upondo, aliyeingia horini maji yakianza kujaa na kutoka na kilo 5 tu. Kwa bei hiyohiyo anapata 35,000. Akitoa shilingi 4,000 za chambo, ndoana na mshipi uliokatika, anabaki na 31,000 peke yake, na amelala nyumbani kwake.

Bei hizo ni za mfano, si takwimu za soko. Weka bei ya diko lako na mapatano ya chombo chako, kisha ufanye hesabu mwenyewe. Siku nyingine wa mashine atarudi na jodari watatu wakubwa na kumcheka wa hori. Siku nyingine atarudi mikono mitupu na deni la mafuta. Ninachotaka kionekane ni kwamba mafuta ndiyo yanayokula faida ya mkondo mkuu, na wa hori hana gharama hiyo kabisa. Kinachomla yeye ni kitu kingine, nitakifikia.

Kwanza soko. Kwa sensa ya mwaka 2022 Pemba ina watu 543,441, nao wamebanana katika kisiwa kisichofika kilomita za mraba 1,000. Kitoweo chao kikubwa ni samaki. Msimu wa karafuu ukiwa mzuri, mambo mawili hutokea kwa pamoja: baadhi ya wavuvi huacha bahari na kupanda mikarafuu, na wachumaji wanaolipwa kwa pishi huwa na fedha ya mkononi kila jioni. Samaki wanapungua huku wanunuzi wakiongezeka. Mchuuzi wa baiskeli anayejua njia za mashamba ya ndani hahitaji kufundishwa maana yake. Mahori nayo yamepenya karibu na mashamba hayo. Mji wa Chake Chake wenyewe umekaa kichwani mwa hori, na kisiwa cha Misali kiko nje ya mdomo wake. Samaki wa hori ana safari fupi kuliko wote kufika kwa mlaji.

Uvuvi wenyewe unaongozwa na maji kuliko saa. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hapa kwetu hukaribia mita 4, na mkondo ndani ya hori huwa mkali kiasi cha kuburuta chubwi. Maji mafu, siku za nusu mwezi, ni mapole lakini samaki hawatembei sana. Siku nzuri ni zile za katikati, maji yakianza kukua au kupungua. Maji yakijaa, chaa, mkizi na dagaa huingia kati ya mikoko kutafuta chakula na kujificha. Yakianza kupwa, wote hao hulazimika kutoka kupitia vijito vidogo ambavyo ni kama milango. Kolekole na mzia wanaijua milango hiyo. Husubiri pale maji ya kijito yanapokutana na kina cha hori, na hapo ndipo pa kutupa ndoana. Mvua kubwa ya vuli ikinyesha usiku, maji ya mvua na tope hujaa kichwani mwa hori. Asubuhi yake sogea kuelekea mdomoni, penye chumvi na mwanga.

Chambo si lazima kinunuliwe. Wavuvi wetu wanaorambaza wanajua siku nyingi kuifunga ndoana kwa nyuzi za kamba nyeupe, kitambaa au manyoya ya kuku, mpaka ikivutwa majini ionekane kama kidagaa kinachokimbia. Wazungu nao wana ufundi unaofanana na huo. Wao huifunga ndoana ndogo sana kwa manyoya na uzi ili ifanane na mdudu aliyeanguka mtoni, kisha huirusha kwa fimbo nyepesi kumtega samaki aitwaye trauti. Trauti hataishi Pemba hata tukimwombea dua, kwa kuwa anataka maji baridi ya milimani. Lakini Afrika Mashariki yupo. Aliletwa Kenya mwaka 1905 kutoka Scotland na kuwekwa katika mto Gura, milima ya Nyandarua, na Kiganjo karibu na Nyeri kuna kituo cha serikali kilichojengwa kwa ajili ya kutotolesha vifaranga vyake. Ilianza kama burudani ya walowezi. Ila ilionyesha jambo ambalo mchumi hawezi kulipita: mtu anaweza kulipa fedha nyingi kwa ajili ya kumvua samaki kuliko samaki huyo anavyouzwa sokoni.

Shelisheli wamelipeleka jambo hilo mbali zaidi, na samaki wao si trauti bali ni kolekole, huyuhuyu wetu. Katika visiwa vya mbali kama Alphonse na Farquhar, wageni hulipa maelfu ya dola kwa wiki moja ili kumvua kolekole mkubwa kwa ndoana ya manyoya, kumpiga picha na kumrudisha majini. Mwaka unaofuata samaki yuleyule anaweza kuuzwa tena kwa mgeni mwingine.

Najua msomaji wa Tumbe au Kojani anachosema hapa. Kumvua samaki na kumwachia, watoto wako wakisubiri kitoweo, ni kuchezea riziki. Sibishani naye. Mgeni hata hivyo hakuja kutafuta kitoweo, amekuja kutafuta siku ya furaha, na anahitaji mtu wa kumwonyesha mlango wa kijito, saa ya maji na mahali pa kupitisha mtumbwi. Ujuzi huo haufundishwi hotelini. Anao yule mzee anayechekwa kwa kutokuwa na mashine.

Hata hivyo sishauri mtu yeyote auze ng'ombe ili anunue fimbo za wageni. Hoteli za Kigomasha na Wambaa ni chache, wageni wengi wa Pemba wanakuja kuzamia, na hatuna visiwa vitupu kama vya Shelisheli. Horini mwetu kila mlango una mwenyewe wa tangu babu. Jambo hili likija, lije kupitia kamati za wavuvi za shehia, malipo ya anayeongoza mgeni yajulikane kabla ya mtumbwi kuondoka, na isiwepo karatasi yoyote inayompa mwekezaji haki ya kumfukuza mvuvi kwenye mdomo wa hori. Pia kuna sheria za kuangaliwa. Misali ilitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1998, na mwaka 2005 likatangazwa eneo la hifadhi la mkondo wa Pemba linalochukua sehemu kubwa ya pwani ya magharibi. Kwa hiyo ofisi ya uvuvi ndiyo pa kuanzia, si pa kumalizia.

Mtaji wa hori uko mizizini

Kolekole mkubwa hutumia maisha yake ya ukubwani nje, kwenye miamba na mikondo. Utoto wake huupitisha katika maji tulivu ya ndani, horini na pembezoni mwa mikoko. Hukomaa akifikia takriban sentimita 60, akiwa na umri wa kati ya miaka 3 na 4. Maana yake ni kwamba wengi tunaowapata ndani ya hori bado hawajazaa hata mara moja.

Hapa kuna hesabu ambayo kila mchuuzi anaifahamu kwa macho ingawa hajaiandika. Samaki akiongezeka urefu mara mbili, uzito wake huongezeka kama mara nane, kwa sababu ananenepa na kupanuka pia. Kolekole wa gramu 150 anayeuzwa kwa fungu pamoja na takataka nyingine, urefu wake ukijirudufu atakuwa wa kilo moja na robo hivi, samaki wa kuuzwa peke yake. Si wote watakaofika huko, wengine wataliwa na wenzao. Lakini hata akifika mmoja kati ya watatu, anayengoja amepata zaidi ya aliyekimbilia: gramu 450 za leo dhidi ya 1,200 za baadaye, na bei ya kilo imepanda.

Juya la kukokota halijui hesabu hiyo. Linapita juu ya majani ya bahari na kubeba kila kitu, tasi wachanga, changu wa kidole kimoja, chaa wenye mayai. Limepigwa marufuku Zanzibar na bado linaonekana, mara nyingine alfajiri, mara nyingine mchana kweupe. Mshipi una hukumu ndani yake: ukitumia ndoana kubwa, mdogo haimezi. Ndiyo maana naona ajabu shehia inapomhurumia mwenye juya kwa kuwa ni maskini, ikasahau kwamba wa mshipi ni maskini zaidi na ndiye anayeibiwa.

Mikoko ni habari hiyohiyo. Mkandaa unakatwa kwa boriti, mkoko kwa kuni za tanuri za chokaa na mkaa, na kwingine eneo zima linasafishwa kwa ajili ya mashamba ya chumvi. Anayekata anapata fedha yake siku ile. Hasara inawaangukia watu wasiojulikana, wanaotupa mshipi mwaka wa tatu na kurudi na chaa wawili. Kama ningekuwa katika kamati ya shehia ningeuliza swali moja kabla ya kutoa kibali chochote: kijito hiki kinalisha mitumbwi mingapi?

Sasa kile kinachomla mvuvi wa hori. Ni jua. Anavua peke yake, anakaa majini saa nne au tano, na samaki wa kwanza amelala chini ya mtumbwi tangu asubuhi. Akifika diko, mashavu yameanza kupauka na dalali ameona. Kilo iliyostahili 7,000 inaitwa 4,000. Rudi kwenye mfano wetu: kilo 5 kwa 4,000 ni 20,000, toa gharama 4,000, inabaki 16,000. Karibu nusu ya pato lake imeyeyuka bila yeye kupoteza samaki hata mmoja. Gunia lililoloweshwa maji ya bahari na kufunikwa kwa majani ya mgomba husaidia kidogo. Kumtoa matumbo samaki mara tu baada ya kumvua husaidia zaidi. Barafu inashinda vyote, na kilo mbili tatu ndani ya deli dogo zinamtosha mtu mmoja kwa asubuhi nzima.

Tatizo ni kwamba hakuna anayetaka kwenda mjini kufuata barafu ya mtu mmoja. Hapo ndipo mchuuzi anapoweza kupata lake. Mwenye baiskeli au vespa anayepitia madiko matatu anaweza kupeleka barafu alfajiri na kuchukua samaki saa tano, akikata gharama ya barafu kwenye malipo. Mapatano yafanywe mapema, kabla wachumaji hawajaanza kulipwa pishi zao na bei haijaanza kuruka: bei moja ya samaki wa barafu, nyingine ya samaki wa jua, na uzito upimwe kwa mizani, si kwa mtungo. Wavuvi watano wa hori wakimpa kilo 4 kila mmoja, ana kilo 20 za samaki wazuri bila kugusa mnada, na mashamba ya ndani yanamsubiri.