Mguu Unaokosa Damu (2): Kuzibua Ateri ya Paja kwa Puto

Ateri ya paja huanzia kinena, hushuka upande wa ndani wa paja, kisha hupenya msuli na kutokea nyuma ya goti. Hapo inapopenya msuli ndipo inapoziba mara nyingi. Mafuta na chokaa hujengeka ukutani mwake kwa miaka, na sigara, kisukari na shinikizo la damu huharakisha kazi hiyo.

Mwanzoni kigimbi huuma mtu akitembea, kikatulia akisimama. Ugonjwa ukikomaa, vidole huuma usiku, na mgonjwa hupata nafuu akiuning'iniza mguu kando ya kitanda. Kidonda kisichopona wiki mbili, au kidole kinachogeuka cheusi, ni ishara kwamba mguu uko hatarini. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia huenda asiumwe hata kidogo: mkulima wa mpunga wa Kasansa, katika bonde la Rukwa, anaweza kuchomwa na kisiki jarubani asijue mpaka aione damu akinawa miguu jioni.

Uchunguzi huanza kwa vidole vya mganga, vinavyopapasa mapigo mgongoni mwa mguu na nyuma ya kifundo cha ndani. Yakikosekana, shinikizo la kifundo hulinganishwa na la mkono. Mkono ukisoma 140 na kifundo 70, uwiano ni 0.5; ukiwa chini ya 0.9, ateri imebanwa. Kwa mwenye kisukari kipimo hiki huweza kudanganya, kwani ateri iliyojaa chokaa haibinyiki. Ultrasaundi huonyesha damu ilipokwama.

Tiba hufanyika mgonjwa akiwa macho. Kinena hutiwa ganzi, ateri hutobolewa kwa sindano, na waya mwembamba huongozwa kwa eksirei hadi upenye palipoziba. Juu ya waya hupitishwa puto, ambalo hujazwa kwa dakika chache ili kupanua njia. Ukuta ukichanika au ukirudi kujibana, huwekwa stenti, yaani bomba la wavu wa chuma.

Njia hii iliasisiwa na Charles Dotter huko Portland, Marekani, tarehe 16 Januari 1964. Bibi wa miaka 82 mwenye vidole vilivyooza alikuwa amekataa kukatwa mguu. Dotter alipanua ateri ya paja lake kwa mirija, mwembamba kisha mnene, na mguu ukapata joto. Bibi huyo aliishi karibu miaka mitatu akitembea kwa miguu yake yote miwili. Puto lililetwa na Andreas Grüntzig, Zürich, mwaka 1974.

Puto si jibu la kila mguu. Utafiti wa BEST-CLI wa 2022, uliohusisha wagonjwa 1,830, ulionyesha kuwa mwenye vena nzuri mguuni hunufaika zaidi na upasuaji wa kuichepusha damu kwa vena hiyo. Nyama iliyokwisha kufa nayo haifufuki. Kwa mgonjwa wa Kasansa, njia ya rufaa hupita hospitali ya mkoa, Mpanda, hadi penye maabara ya katheta, kama Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Safari hiyo huanza zahanati, mapigo yanapokosekana, si kidole kinapokuwa cheusi.

Ateri iliyozibuliwa huweza kujibana tena. Kwa hiyo mgonjwa huacha sigara, humeza aspirini na dawa ya kushusha mafuta, na mapigo ya mguu wake hupapaswa kila anapohudhuria kliniki.