Kinga ya moteri ikikosa nguvu, usiitupe: uifungule na akili

Wandugu, tukizunguka katika kambi tunaona kinga za moteri zimeegama kwenye ukuta wa nyumba, vumbi juu yake. Ukiuliza, mwenyewe anajibu: « Moteri imekufa. » Lakini kinga ile ilinunuliwa kwa falanga za miezi mingi, na bibi alikubali kupunguza matumizi ya nyumba. Leo baba anarudilia kwenda kazini kwa miguu. Kama anakaa mbali, anaamuka usiku wa manane ili asikose ekipe ya kwanza. Na mutu wa duka anamuambia neno moja tu: « Ununue moteri mupya. »

Sisi tunasema: ngoja kwanza. Moteri ndogo ya namna hii haifi mbio. Mara nyingi haikufa hata kidogo, imezibika tu. Mutu mwenye kle mbili tatu, nguo safi na uvumilivu anaweza kuirudishia nguvu siku moja ya mapumziko. Lakini mwenye haraka ataiharibu kabisa.

NAMNA INAVYOPUMUA

Tuchukue mfano wa Mobylette, ambayo kampuni Motobécane ya Ufaransa ilianza kuitengeneza mwaka 1949. Silinda yake ina upana wa milimetre 39, na pistoni inatembea milimetre 41,8. Piga hesabu: haifiki hata santimetre kibe 50, ni glasi ndogo. Moteri hii ni ya mapigo mawili. Haina supapi kama moteri ya gari. Katika ukuta wa silinda kuna matundu, na pistoni yenyewe njo mulango wake.

Pistoni ikipanda, inakamua hewa na esanse juu yake, na papo hapo inavuta zingine chini, ndani ya karteri. Buji ikiwasha moto, pistoni inasukumwa chini. Inafungula kwanza tundu la moshi, kisha matundu ya kuingizia. Esanse mupya inapanda toka karteri na kufukuza moshi. Kila muzunguko, moto mumoja.

Kutokana na hayo tunaelewa mambo mawili. La kwanza: ndani ya karteri hakuna mafuta ya kukaa. Mafuta yote ya kulainisha yanakuja pamoja na esanse. Mutu anayetia esanse tupu ili asitumie falanga za mafuta, anaua moteri yake: pistoni inapata moto, inavimba, inashikana na silinda. La pili: mafuta hayo yanaungua na kuacha makala. Makala yanashika juu ya pistoni, ndani ya kichwa, na zaidi katika tundu la moshi na bomba lake. Ninyi munaotumika chini ya udongo munajua vizuri: njia ya hewa ikizibwa, hakuna mutu anayepata nguvu ya kupiga kazi. Moteri nayo ni vile vile.

KABLA YA KUFUNGULA

Anza na vitu vidogo. Toa buji, uiangalie: ikiwa nyeusi na yenye mafuta, uisukule, kisha upime nafasi yake, ambayo ni kama sehemu 4 ao 5 za kumi za milimetre. Sukula kichujio cha hewa. Toa kile kitundu kidogo cha karburateri, ukipulize. Usikichokoe na waya, kitapanuka. Kisha legeza bomba la moshi, washa moteri dakika moja tu bila bomba. Nguvu ikirudi, ugonjwa umepatikana: ni makala ndani ya bomba, na huna haja ya kufungula silinda.

Kama nguvu hairudi, zungusha pedali pole pole. Moteri nzima inapingana na mukono, halafu inaachia. Ikizunguka laini bila kupinga, segma zimelika, ao kichwa kinavuja hewa. Hapo tunafungula.

Jambo moja tunaomba kila baba na kila mama washike: esanse na mbabula havikai lupango moja. Mvuke wa esanse hauonekani, unatambaa chini sawa maji, unafika kwenye moto na kurudi nao. Kazi hii ifanywe inje, mchana, mbali na mbabula, bila sigara, na watoto wasicheze karibu. Usivute esanse kwa kinywa na mupira, ni sumu. Na esanse ya kusukulia isiwekwe katika chupa ya kunywea, hata dakika tano.

KUFUNGULA

Moteri iwe baridi. Sukula kwanza inje yake, maana udongo wote unaouacha pale utaangukia ndani. Tandika nguo safi, panga makopo ya maziwa matupu: moja la vis za kichwa, moja la karburateri, moja la bomba. Kila kintu kikitoka, kiende katika kopo lake.

Funga esanse, toa karburateri na bomba. Legeza vis za kichwa moja moja kwa kuvuka, pembe hii halafu pembe ya mbele yake, kidogo kidogo, ili kichwa kisijipinde. Kisha vuta silinda sawasawa kwenda juu. Mukono mumoja uvute, mwingine ushike pistoni isije kugonga biele. Mara pistoni inapotokeza, ziba kinywa cha karteri na nguo safi. Usisahau hii: kipande kidogo cha segma kikianguka ndani, itabidi kufungula moteri nzima.

Angalia sasa. Silinda ikiwa laini na yenye kung'aa, ni muzuri. Ikiwa na mistari mirefu ambayo ukucha unaisikia, pistoni ilishikana siku moja, na fundi mwenye mashini lazima aitazame. Toa segma pole pole. Ni chuma kigumu lakini kinavunjika kama kioo. Ingiza segma peke yake ndani ya silinda, uisukume na pistoni ili ikae sawa, upime nafasi kati ya ncha zake. Ikiwa mupya, nafasi ni kama sehemu 2 za kumi za milimetre. Ikikaribia milimetre nzima, nunua ingine. Bei ya segma ni ndogo kabisa mbele ya bei ya moteri.

Makala yatolewe na kijiti cha muti mugumu kilichochongwa bapa, si na turnevisi. Pistoni ni aluminiyumu, inakwaruzika upesi, na kila mukwaruzo unashika makala mapya. Safisha mufereji wa segma, kichwa, na tundu la moshi mpaka ncha zake zionekane. Bomba nalo lifungulwe na kusafishwa ndani. Vijana wanapenda kutupa kile kizuizi cha ndani ili moteri ipige kelele sawa motosikleti kubwa. Kelele inaongezeka, nguvu inapotea.

KURUDISHA

Katika mufereji wa pistoni kuna kijino kidogo. Ncha za segma lazima zikutane pale pale, moja huku, moja huku. Kijino njo kinazuia segma isizunguke. Ikizunguka, ncha yake inaingia katika tundu la silinda na kuvunjika. Kama ulitoa pistoni, uirudishe upande uliokuwa (mara nyingi kuna mushale unaoonyesha upande wa moshi), na vile vichuma viwili vya duara vinavyoshika chuma cha katikati viwe vipya.

Tia mafuta kwa kidole katika silinda na juu ya segma. Bana segma kwa vidole, shusha silinda. Ikikataa, usipige na nyundo: inuka, angalia, rudilia. Karatasi za kuziba ziwe mupya, maana hewa ikipenya chini ya silinda, esanse inakuwa kidogo na pistoni inaungua. Kaza vis kwa kuvuka tena.

Esanse ichanganywe ndani ya bidon kabla ya kuitia: kopo moja la mafuta kwa makopo 20 ya esanse, kama kitabu cha moteri yako hakisemi namna ingine. Tikisa vizuri. Kilometre 200 za kwanza, usifungule gazi yote. Ni safari tatu za kutoka Kipushi kwenda Lubumbashi na kurudi.

KAZI YA FUNDI

Volani ya manyeto haitoki kwa nyundo. Inaomba chombo chake cha kuvutia. Shafti ikicheza juu na chini mukononi, ao ikilia sawa mawe ndani ya kopo, rulema zimekwisha. Hapo upeleke kwa fundi. Lakini upeleke moteri iliyosukulwa, ukimwambia ulichokiona. Fundi akijua unaelewa, hatakuuzia kintu usichohitaji.

Kwa wale wanaotembea katika vumbi la Kolwezi wakati wa kiangazi: kichujio cha hewa kila juma. Vumbi letu linakula silinda sawa linavyokula kifua cha mutu. Na makala, kila kilometre 3.000 hivi.

Nunua kaye ndogo, uandike tarehe, kilometre, na kila kintu ulichobadilisha. Na mwana wako mukubwa akae karibu, ashike makopo, aseme jina la kila kintu kabla hujakirudisha. Siku utakapokuwa kazini na kinga ikikataa kuwaka, kutakuwa na mutu nyumbani anayejua pa kuanzia.