Supakaa Hupimwa kwa Ilichokiacha

Wambaa, kama ilivyo Pemba nzima, haikosi nyumba yenye jamaa Maskati au Dubai, na siku hizi salamu za jamaa hao huja pamoja na video za gari. Huja Lamborghini ikinguruma mbele ya hoteli. Huja gari za polisi wa Dubai, ambao mwaka 2013 waliingiza Lamborghini Aventador na Ferrari FF katika kikosi chao. Vijana barazani hupokezana simu, kisha mabishano huanza: hii ni supakaa, ile siyo. Hoja zao ni tatu: bei, kasi na jina la kampuni. Kwa sisi tunaoishi na injini, hizo tatu hazitoshi, hata ukizifunga pamoja.

Anza na bei. Rolls-Royce ni ghali kupindukia, lakini imeundwa ili bwana mkubwa aketi nyuma na asisikie kitu. Kasi nayo imepoteza heshima yake tangu umeme uingie. Tesla Model S Plaid ina nguvu za farasi 1,020 na hufika kilomita 100 kwa saa katika sekunde mbili na kitu, tena ikiwa na milango minne, viti vitano na buti la kutia mizigo ya safari. Gari hiyo itaziacha Ferrari nyingi pale taa zinapowaka kijani, na bado ni gari ya familia. Jina la kampuni ndilo linalodanganya zaidi, na mfano umo katika kikosi kile kile cha polisi. Ferrari FF ina injini ya silinda 12 na huvuka kilomita 330 kwa saa, lakini injini yake iko mbele, ina viti vinne, inavuta kwa magurudumu yote, na nyuma ina nafasi ya mabegi. Aventador ina viti viwili tu, injini nyuma ya kichwa cha dereva, na kiini chake kimefinyangwa kwa nyuzi za kaboni. Kwangu mimi Aventador ni supakaa, na FF ni gari nzuri sana ya safari.

Kipimo ninachokitetea ni hiki: angalia gari imeacha nini. Kila gari ni mapatano kati ya mambo yanayogombana, abiria, mizigo, starehe, bei, urahisi wa kutengeneza, na barabara itakayopita. Noah inayobeba watu kutoka Mkoani kwenda Chake Chake imeridhia yote hayo kidogo kidogo. Mhandisi wa supakaa hukataa mapatano. Huacha abiria, huacha mizigo, huacha wepesi wa matengenezo, na huyaacha kwa makusudi, ili kila kilichobaki kitumikie shughuli moja tu: gari iende mbio na imtii dereva ikiwa mbioni.

Uamuzi mkubwa wa kwanza ni mahali pa kuweka injini. Mwaka 1965 Lamborghini walipeleka kwenye maonyesho ya Turin chasisi tupu, isiyo na bodi, yenye injini ya silinda 12 iliyolazwa kwa upana nyuma ya viti. Walioibuni walikuwa wahandisi vijana, Gian Paolo Dallara na Paolo Stanzani, pamoja na dereva wa majaribio Bob Wallace. Mwaka uliofuata, mjini Geneva, chasisi hiyo ilikuwa imevikwa bodi iliyochorwa na Marcello Gandini wa karakana ya Bertone, naye alikuwa hajatimiza miaka 30. Gari hiyo ni Miura, na wengi tunahesabu supakaa kuanzia hapo. Injini ya katikati ilikuwa imeshazoeleka katika gari za mashindano. Miura iliifikisha barabarani, ikiwa na silinda 12, kwa mtu yeyote mwenye fedha.

Kwa nini katikati? Mchukuzi wa mzega anajua jibu. Mizigo ikining'inia kwenye ncha mbili za mti, kugeuka ghafla ni kazi. Unageuka wewe, mizigo inataka kuendelea kule ilikokuwa ikienda, na ukishageuka haitaki kusimama. Uzito ule ule ukiukumbatia kifuani, unageuka mara moja. Injini ndiyo mzigo mzito kuliko yote ndani ya gari. Ikiwekwa katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, pua ya gari huufuata usukani papo hapo, na tairi za nyuma hupata uzito wa kuzikandamiza chini ili zisitereze dereva anapokanyaga mafuta. Gharama yake ni hiyo niliyoitaja: pale penye injini ndipo abiria wa nyuma wangekaa. Tena injini iliyofungiwa nyuma haipati upepo wa moja kwa moja, kwa hiyo bodi lazima itobolewe matundu ubavuni ili hewa ifike kwenye rejeta. Matundu yale makubwa ambayo vijana huyaona kuwa ni madoido yana kazi ya kupooza injini. Bugatti Veyron ya mwaka 2005, yenye nguvu za farasi 1,001, ilihitaji rejeta kumi.

Gari inayoonyesha kuacha kuliko nyingine ni Ferrari F40 ya mwaka 1987. Haina redio, haina zulia, na kwa ndani mlango hufunguliwa kwa kuvuta kamba. Kabla ya kutiwa mafuta na maji ina uzito wa kilo 1,100 hivi, uzito wa gari ndogo za mjini, na injini yake yenye tabo mbili (turbo, za kuishindilia hewa) hutoa nguvu za farasi 478. Anayeuliza raha iko wapi kwenye gari isiyo na redio amekwisha kuelewa nusu ya jambo. Kila kilo iliyotolewa ni kilo ambayo breki hazitaizuia na tairi hazitaipindisha kwenye kona.

Ninayemhusudu zaidi, hata hivyo, ni Gordon Murray, Mwafrika Kusini aliyezaliwa Durban mwaka 1946. McLaren F1 aliyoibuni, na ambayo ilionyeshwa mwaka 1992, humweka dereva katikati kabisa, na viti viwili vya abiria viko nyuma kidogo, kimoja kila upande. Kiini chake ni cha nyuzi za kaboni. Nyuzi hizo hulazwa tabaka juu ya tabaka katika kalibu, kila tabaka likielekea upande wake, hushikwa kwa gundi, kisha hupikwa katika tanuri lenye shinikizo. Kinachotoka ni chepesi na kigumu kuliko chuma, lakini ni kazi ya mikono na ya muda mrefu. Gari 106 tu zilitengenezwa. Chumba cha injini kilizungushiwa karatasi ya dhahabu, kwa sababu dhahabu hurudisha joto. Mwaka 1998 gari hiyo ilifika kilomita 386 kwa saa, na injini yake haikuwa na tabo hata moja.

Hapo ndipo uchache unapoeleweka. Toyota wameuza Corolla zaidi ya milioni 50, na Miura hazikufika 800. Kampuni ikitangaza gari ya kawaida kwa idadi ndogo, ikaipaka rangi maalumu na kuitia namba ubavuni, hiyo ni biashara ya uhaba. Uchache wa kweli hutokana na namna gari inavyotengenezwa.

Je, gari za namna hii zimewahi kukanyaga udongo wetu kwa kazi? Naam. Mbio za Safari, zilizoanza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, zilimpokea ndugu wa Miura. Lancia Stratos ilichorwa na Gandini yule yule, ilikuwa na injini ya Ferrari ya silinda sita katikati, na ilikuwa fupi kiasi kwamba magurudumu ya mbele na ya nyuma yalitengana kwa mita 2.18 tu. Zilitengenezwa chini ya 500. Ilitwaa ubingwa wa dunia wa rali mwaka 1974, 1975 na 1976, lakini Safari haikushinda kamwe. Mwaka 1975 Sandro Munari na Björn Waldegård walizifikisha Stratos zao katika nafasi ya pili na ya tatu. Mshindi alikuwa Ove Andersson, akiendesha Peugeot 504, gari ambayo Afrika Mashariki nzima iliijua kwa kubeba abiria. Na hiyo ni Stratos, iliyoinuliwa na kuimarishwa kwa ajili ya matope. Aventador, ambayo tumbo lake halifiki sentimita 15 kutoka ardhini, haiwezi kuzivuka njia za mashamba ya mikarafuu za Wambaa bila kuacha pua yake njiani.

Mabishano yataendelea juu ya zilizo mpakani. Nissan GT-R ya mwaka 2007 hupendwa mno na vijana wetu kwa kuwa inatoka kulikotoka IST zetu, na ni kweli kwamba kila injini yake iliungwa kwa mkono na fundi mmoja. Lakini injini iko mbele na viti ni vinne. Naiheshimu, lakini simo katika wanaoiita supakaa. Honda NSX ya mwaka 1990, yenye injini ya katikati na bodi nzima ya alumini, naiingiza bila kusita, japokuwa nguvu zake zilikuwa ndogo kuliko za Ferrari.

Inabaki Lykan HyperSport, ambayo video zake kutoka Dubai haziishi. Kampuni ya W Motors, iliyoanzishwa Lebanon, iliionyesha Qatar mwaka 2013. Zilipangwa saba, kila moja kwa dola milioni 3.4, na taa za mbele zimetiwa almasi. Barazani almasi hizo ndizo husemwa kwanza. Zing'olewe zote, bado itabaki injini ya silinda sita yenye tabo mbili, kazi ya mafundi wa Ruf wa Ujerumani, yenye nguvu za farasi 780, ikisukuma viti viwili tu. Hicho ndicho kinachoifanya supakaa.