Mbio za Elektroni, Chepkoilel

Msomaji mmoja anayemaliza shahada ya kompyuta mjini Eldoret ameuliza: mhandisi wa programu ana kazi gani katika ukokotozi mzito wa kisayansi, na je, ni lazima apande ndege kuipata? Kompyuta kuu ni nini anajua, kwa hiyo tuipite. Twende Chepkoilel.

Huko, Idara ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Eldoret ina kundi linalochunguza vitu yabisi kwa kompyuta, lililokuzwa na wanafizikia kama Nicholas Makau na George Amolo. Mwaka 2012, Chepkoilel ikiwa bado chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, ilikuwa mwenyeji wa ASESMA, shule ya Kiafrika ya kukokotoa mpangilio wa elektroni. Hesabu nzito za kundi hilo zimekuwa zikitumwa kituo cha ukokotozi mzito cha CHPC, Cape Town, ambako Lengau iliwashwa mwaka 2016, mashine ya hesabu zaidi ya trilioni elfu moja kwa sekunde. Mtafiti yuko Uasin Gishu, kazi yake inapanga foleni Afrika Kusini.

Sasa utamu wenyewe. Ndani ya silikoni, kila elektroni husukumwa na nyingine zote, basi huwezi kujua ilipo moja kabla ya kujua zilipo zote. Mwaka 1965 Walter Kohn na Lu Sham walionyesha njia: chukua msongamano wa elektroni zote, kisha kokotoa kila moja kana kwamba inakwenda peke yake ndani ya msongamano huo. Kohn alitunukiwa Nobel ya kemia mwaka 1998.

Lakini msongamano unautoa wapi? Tazama wanariadha alfajiri kwenye barabara ya Iten. Mwendo wa kila mmoja hufuata kundi, na mwendo wa kundi hutokana na kila mmoja. Programu huanza kwa kubahatisha kundi lilivyo. Kila mkimbiaji anajirekebisha, kundi linabadilika, wanajirekebisha tena. Wakifanya kwa pupa, wa nyuma wanachomoka wote, wa mbele wanapunguza wote. Raundi inayofuata wamepishana, wanageuza kinyume, na mbio zinavurugika. Dawa ni kutoufuata mwendo mpya wote. Programu ya Quantum ESPRESSO, usipoiamuru vingine, huchanganya sehemu 7 za msongamano mpya na 3 za zamani; kundi likiwa korofi, unapunguza mpya. Tofauti kati ya msongamano mpya na wa zamani inazidi kunywea hadi kundi linatulia. Mimi naita huu mzunguko wa kujipatanisha. “Uwiano-nafsi” ungekuwa mfupi, ila unanuka kamusi.

Mhandisi anaingia hapo. Wakimbiaji wamegawiwa prosesa mbalimbali, na raundi haiishi mpaka wa mwisho afike. Ukigawa vibaya, prosesa mia zinamsubiri mmoja. Ukigawa mno, muda unaishia kwenye kupelekeana ujumbe. Nazo atomu zikiongezeka maradufu, kazi hukua karibu mara nane. Kusawazisha mizigo, kupunguza ujumbe, kuhamishia Fortran ya miaka mingi kwenye prosesa za michoro: hiyo ndiyo kazi, na mwanafizikia mwenye swali zuri mara nyingi hana muda nayo. Cheo cha mhandisi wa programu za utafiti kilipata jina huko Uingereza mwaka 2012 tu, kwa hiyo usishangae ukikikosa kwenye matangazo ya ajira.

Basi, ndugu msomaji, pakua Quantum ESPRESSO, ni ya bure. Anza na silikoni: atomu 2, elektroni 8 za nje, na kipakatalishi chako kitamaliza upesi. Badilisha kiwango cha kuchanganya, uhesabu raundi. Kisha bisha hodi Idara ya Fizikia, Chepkoilel, ukiwa na jedwali la raundi hizo mkononi.