Jua la Usiku Chini ya Miamba ya Shinyanga

Msomaji wa Mwakitolyo, Shinyanga, ameuliza: kama chembe ziitwazo nutrino zinatoka kwenye jua, kwa nini wanaozitafuta wanajichimbia migodini, tena wanapima mpaka usiku? Swali limekuja wakati wake. Agosti 2025 mtambo wa JUNO wa China, wenye tani 20,000 za kimiminika kinachotoa mwanga, ulianza kukusanya data mita 700 chini ya ardhi. Japani inajenga Hyper-Kamiokande, tani 260,000 za maji, na Marekani inaandaa DUNE.

La mgodi halina mengi. Juu ya ardhi, chembe zinazonyesha kutoka anga za mbali hukivuruga kifaa, mwamba huzizuia. Nutrino karibu zote hazizuiliki. Mchimbaji aliye ndani ya duara, yaani shimo la machimbo, chini kabisa ya matimba, haoni mwale wowote wa jua, lakini kila sentimita ya mraba ya ngozi yake inapitiwa na nutrino za jua kama bilioni 60 kwa sekunde. Usiku wa manane ni vilevile, ila sasa zinatokea chini ya nyayo zake, zikiwa zimeshaipenya dunia nzima.

Hapo kwenye usiku ndipo penye utamu. Nutrino ni za aina tatu: ya elektroni, ya muoni na ya tau, na jua huzalisha za elektroni tu. Raymond Davis aliweka tani 600 hivi za dawa ya kusafishia nguo katika mgodi wa dhahabu wa Homestake, Marekani, kifaa kinachonasa za elektroni tu, akapata theluthi tu ya alizotarajia. Fumbo hilo lilidumu zaidi ya miaka 30, hadi 2001 na 2002, watafiti wa SNO katika mgodi wa nikeli huko Sudbury, Kanada, walipoonyesha kwamba zilizopotea zilifika zikiwa zimebadilika aina.

Zinabadilikaje? Fikiria ngoma za Bagika na Bagalu, vikundi vya ngoma vya Wasukuma. Nutrino ni mlio wa ngoma mbili (ya tatu yake ni ndogo, tuiache) zenye mwendo unaopishana kidogo. Mapigo yakiangukia pamoja, sikio linasikia aina ya elektroni. Yakiachana, linasikia aina nyingine. Ndani ya jua elektroni zimesongamana mno, kiasi kwamba nutrino zenye nguvu kubwa hutoka na ngoma moja tu inayolia. Ngoma ya peke yake haina wa kupishana naye, kwa hiyo safari yote ya kilomita milioni 150 mlio haugeuki, na mchana tunapokea theluthi ileile. Usiku mambo ni mengine. Zikiingia ardhini, elektroni za mwamba huiamsha ngoma ya pili, nayo huanza kuitikia, mara pamoja na mwenzake, mara nyuma yake, na kwa jumla sehemu ya nutrino za elektroni inapanda. Yaani kwa kifaa kinachonasa zaidi nutrino za elektroni, jua linang'aa zaidi usiku kuliko mchana! Mwaka 2014 watafiti wa Super-Kamiokande, Japani, walitangaza dalili ya ongezeko hilo, kama asilimia 3. Hyper-Kamiokande na DUNE zinatarajiwa kulipima kwa uhakika zaidi.

Sasa tazama ramani. Homestake, inakowekwa DUNE, iko kaskazini mno; nutrino za jua huifikia kupitia kiini cha dunia katika miezi ya baridi tu. Mwakitolyo, kwa kuwa karibu na ikweta, hupitiwa na nutrino zilizokata kiini kila usiku wa mwaka. Kweli, mwamba ulio karibu na kifaa ndio wenye athari kubwa kuliko kiini, lakini nafasi hii mitambo hiyo mikubwa haina.

Na shimo tunalo. Bulyanhulu, mkoani humuhumu Shinyanga, umeshuka kiasi cha kilomita moja, na wabia wake ni Serikali na Barrick. Barrick hiyohiyo ndiyo iliyoumiliki Homestake: uchimbaji ulikoma, mwaka 2003 pampu zikazimwa, maji yakajaa, na 2006 ikaukabidhi kwa jimbo la South Dakota. Ilibidi maji yavutwe kwanza ndipo maabara ijengwe, na humo ndimo DUNE inamowekwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) waombe chumba Bulyanhulu sasa, mgodi ukiwa hai na pampu zikifanya kazi.